Mvua Isiyorowesha

Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe haujui kama umepita mbele yake au hukupita. Utautazama utakavyo, utasifu mkono wa fundi, utakwenda zako, nao utabaki vile vile ulivyokuwa. Hiyo ndiyo sanaa tuliyoizoea: kazi inasimama, mtu anatazama. Siku hizi iko sanaa ya namna nyingine ambayo humtaka mtazamaji aingie ndani yake, na akishaingia, kitu hubadilika kwa sababu yeye ameingia. Ni ukumbi mzima uliopangwa taa, vipaza sauti, kamera na kompyuta. Ukisogea, mwanga huongezeka au hufifia. Ukinyoosha mkono, sauti huanza au hukoma. Na jambo la kushangaza ni kwamba mafundi wa kazi hizi, pamoja na mitambo yao yote, hupenda sana kuiga maumbile: mvua, msitu, maua, ndege na jua.

Sababu yake si ngumu kuikisia. Mtu wa mjini amepungukiwa na maumbile, na anachopungukiwa mtu ndicho anachokilipia. Lakini mhakiki hawezi kuishia hapo. Kazi inayosema kwamba imevuviwa na maumbile lazima iulizwe: inatufundisha nini juu ya hayo maumbile? Inatuzoesha kuyategemea kwa namna gani? Swali hili nitaliuliza kwa kuitazama kazi moja niliyoingia mwenyewe, kisha nitaiweka kando ya nyingine chache, ili tuone kipi kimefanikiwa na kipi kimepotea.

Kazi yenyewe inaitwa Rain Room, yaani Chumba cha Mvua. Iliundwa na kundi la wasanii liitwalo Random International, lililoanzishwa London mwaka 2005. Ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa Barbican mjini humo mwaka 2012, ikapelekwa New York mwaka 2013, ambako watu walipanga foleni kwa saa nyingi ili waingie kwa dakika chache, kisha ikafika Shanghai na Los Angeles mwaka 2015. Mwaka 2018 ilipata makao ya kudumu katika mji wa Sharjah, Falme za Kiarabu, ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili yake tu. Huko ndiko nilikoiona mwaka 2019, nilipokwenda kuwatembelea jamaa zetu wa upande ule wa bahari.

Vikielea vimeundwa, nasi tutazame vilivyoundwa. Ukumbi ni wa giza. Mwisho wake ipo taa moja kali inayomulika moja kwa moja kuelekea kwako, hivyo kila tone linaloanguka huonekana kama uzi wa fedha. Maji hutoka darini kupitia matundu mengi mno, huanguka kwa nguvu ya mvua ya kweli, hupita katika sakafu yenye matundu, husafishwa, kisha pampu huyarudisha juu yaanguke tena. Darini zimefungwa kamera zinazopima mahali mwili ulipo. Kompyuta ikipokea habari hizo, hufunga valvu zilizo juu ya kichwa chako na kuziacha nyingine wazi. Ukienda hatua moja, zilizo mbele hufungwa na zilizo nyuma hufunguka. Kwa hiyo unatembea katikati ya mvua kubwa, unaisikia ikivuma pande zote, na wewe ni mkavu kama kuni za jikoni.

Sipendi uhakiki unaoanza kwa kubomoa, basi niseme kwanza yaliyo mema. Sauti ya kazi hii ni kweli tupu. Haikurekodiwa popote, ni maji yenyewe yanayoanguka, na uvumi wake hujaa kifuani kama uvumi wa mvua ya masika juu ya bati. Mwanga wake una adabu. Taa ni moja tu, haina rangi rangi wala mbwembwe za ukumbi wa harusi, na kwa sababu hiyo inafanya kazi ya jua linalochungulia chini ya wingu. Mtu mwingine akisimama kati yako na taa, humwoni sura, unaona kivuli chake kimezungukwa na fedha inayoanguka. Hapo hata asiyependa sanaa hunyamaza. Tena kazi hii inamlazimisha mtu apunguze mwendo. Mitambo haiwezi kumfuata anayekimbia; akikimbia atarowa. Katika dunia ya haraka kama hii yetu, si jambo dogo kumfanya mtu apige hatua kama anayebeba mtungi.

Nilifuatana na shangazi yangu, mzaliwa wa Wete, aliyekwisha kuishi Maskati zaidi ya miaka thelathini na aliyekuwa amefika Sharjah kwa wanawe. Alikuwa amejitanda kanga ya rangi ya maziwa. Aliingia pole pole, akasimama katikati, akatazama juu. Mvua ikamwachia uwazi wake. Akaenda kulia, uwazi ukamfuata. Akarudi kushoto, ukamfuata. Baada ya muda akanigeukia.

"Mwanangu, mvua gani hii inayoogopa watu?"

Nikamweleza habari za kamera na valvu, kadiri nilivyozielewa.

"Nimesikia," akasema. "Wallahi wana akili. Lakini mimi tangu nije Maskati naitamani mvua, na leo nimeikuta inanikwepa."

Mara akaongeza mwendo, hatua tatu nne za haraka ambazo sikujua kwamba miguu yake bado inaziweza, na matone yakampata usoni na mabegani. Akacheka kicheko cha msichana. "Sasa nimefika," akasema, akajipangusa kwa ncha ya kanga.

Nimesoma maoni mengi ya waliobobea kuhusu kazi hii. Wako wanaosema kwamba humpa mgeni uwezo wa kuitawala mvua, na wako wanaosema humfanya ajihisi mtakatifu anayepita baharini kwa miguu mikavu. Hakuna niliyemwona akisema jambo zito kuliko hilo la shangazi. Kwetu sisi mvua ni kitu cha kufikiwa nacho. Ina majina yake, masika na vuli na mchoo, ina manyunyu na rasharasha yake, na katika yote hayo haina mwenyewe, haichagui kichwa. Ikichelewa, watu wa pande zote mbili za bahari hii, Unguja kama Oman, hutoka wakaenda uwanjani kusali sala ya kuomba mvua, na imamu hugeuza joho lake nje ndani. Hutoka nje makusudi, mahali pasipo na paa. Wanachoomba ni kunyeshewa. Chumba cha Mvua kimechukua umbo la mvua, sauti yake na mng'ao wake, kikaondoa kile kimoja ambacho watu walikitokea uwanjani.

Labda nitaambiwa kwamba namdai msanii asichokiahidi. Ni kweli kwamba kundi hili, katika kazi zake nyingi, limejishughulisha na namna mtu anavyoishi na mashine, na hata chumba hiki chaweza kusomwa hivyo. Ukikisoma hivyo kinazidi kuwa kizito. Anayeamini kwamba anaitawala mvua ndiye anayetawaliwa, kwa sababu hutembea kwa mwendo ambao kamera zinautaka. Kazi hii ilipokuwa Los Angeles, wageni walishauriwa wasivae nguo nyeusi ti wala za kung'aa, kwa kuwa kamera huziona kwa shida. Maana yake ni kwamba ukavu wako hutegemea kuonekana, na kuonekana kwako hutegemea umevaaje. Mtu akitaka kuandika juu ya dunia hii ambamo mitambo hutuhesabu mlangoni, barabarani na dukani, hapo ana mfano uliokwisha kutengenezwa. Sanaa hiyo naikubali. Ila watu hawakusimama kwenye foleni kwa ajili ya mashine. Walikwenda kwa ajili ya mvua, na ni kwa habari ya mvua kwamba bado nina ugomvi nayo.

Ili niueleze ugomvi huo, lazima nizungumze juu ya vyura.

Aliyekulia karibu na bonde la mpunga anajua ninachosema. Usiku baada ya mvua vyura hulia kwa maelfu, na sauti yao hufanya ukuta. Ukianza kuliendea bonde, wale walio karibu nawe hunyamaza. Ukisonga, wa mbele hunyamaza na wa nyuma huanza tena. Unatembea ndani ya duara la ukimya, na duara hilo linakwenda nawe kama kivuli. Nilipokuwa nimesimama ndani ya kile chumba cha Sharjah, nikiwa katikati ya duara langu la ukavu, nililitambua mara moja. Ni duara lile lile! Bila ya kamera wala valvu, maumbile yalikwisha kuunda sanaa ya kumshirikisha mgeni zamani za kale, na mabonde yetu yamejaa kazi hizo.

Lakini yako mambo mawili yanayozitenganisha. La kwanza, duara la ukimya lina maana. Chura hunyamaza kwa sababu hakujui. Kwake wewe waweza kuwa nyoka au korongo. Ule ukimya ni neno unaloambiwa: wewe ni mgeni hapa. La pili, duara lile hujifunga. Ukisimama kimya, usipige hata mbu, baada ya muda chura mmoja wa mbali hujaribu, mwingine humjibu, na kidogo kidogo ukuta wa sauti hurudi mpaka karibu na vidole vya miguu yako. Umekubaliwa, au angalau umesahauliwa, na kusahauliwa na vyura ni heshima kubwa. Chumba cha Mvua hakina jambo hilo. Hata ukisimama ndani yake saa nzima, mvua haitakuzoea. Subira haikupi chochote. Duara lako la mwanzo ndilo la mwisho, na uhusiano wako na mvua hauna kesho. Hii ndiyo kasoro ambayo ufundi wote ule hauwezi kuifidia: kazi inajibu, ila haina kumbukumbu wala imani, na kitu kisichoweza kukuzoea hakiwezi kukufundisha namna ya kuishi na kilicho hai.

Pengine msomaji ataona naipa sanaa mzigo usio wake. Basi na tukumbuke mwezi wa Aprili mwaka 2024. Sharjah iko katika nchi ya jangwa ambayo kwa kawaida hupata karibu milimita 100 tu za mvua kwa mwaka. Tarehe 16 ya mwezi ule, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko yoyote iliyopimwa tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Mahali pamoja karibu na Al Ain paliteremka zaidi ya milimita 250 katika muda usiofika siku moja. Mitaa ya makazi ya Sharjah ilikaa na maji kwa siku kadhaa. Mwezi huo huo masika yetu yaliyokuzwa na El Nino yalikuwa yakichukua watu: tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa Tanzania aliliambia Bunge kwamba watu wasiopungua 155 walikwisha kufa, na siku chache baadaye maji yalizoa nyumba usiku huko Mai Mahiu, Kenya. Mvua ile haikumwona mtu ikajizuia. Silaumu chumba kwa gharika, wala sisemi kwamba sanaa ingezuia tone moja. Nasema tu kwamba tunaishi katika zama ambazo mwanadamu amezitia joto mbingu kwa moshi wake, nazo zinamjibu. Na jibu lao huja kwa kuchelewa, huja mahali pengine, na mara nyingi humwangukia asiyewasha moto. Katika zama hizo, kutuzoesha kwamba maumbile hutujibu papo hapo, kwa upole, na kwa kutupisha, ni kutuzoesha uongo mtamu.

Je, sanaa ya mwanga na sauti haiwezi kufanya vinginevyo? Inaweza, na imekwisha kujaribu. Mwaka 1992 Christa Sommerer na Laurent Mignonneau waliunda kazi ambayo ndani yake mgeni huisogelea au huigusa mimea halisi iliyopandwa vyunguni. Mabadiliko madogo ya umeme kati ya mkono na mmea hupelekwa kwenye kompyuta, na mimea ya picha huanza kuota katika skrini kubwa. Jibu lake ni la haraka kama lile la Sharjah, lakini mgeni analazimika kukumbuka kwamba mmea ulio mbele yake unahisi kitu, na kwamba mkono una uzito hata kabla haujagusa. Kundi la teamLab la Japani nalo liliunda mwaka 2016 msitu wa taa zilizoning'inizwa. Mtu akisimama tuli karibu na taa moja, taa hiyo huwaka zaidi na kutoa sauti, kisha mwanga na sauti hiyo huhamia kwenye taa zilizo jirani, zikapokezana mpaka ukumbini kote. Hapa kusimama kuna thawabu, na jambo la mtu mmoja huwafikia wengine. Rangi zake kwangu ni nyingi mno, na wanaokwenda kujipiga picha ni wengi kuliko wanaokwenda kusimama. Lakini wazo lenyewe ni la kweli.

Iliyonigusa zaidi ni ile isiyonijibu kabisa. Bernie Krause, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kurekodi sauti za mapori, alishirikiana na wasanii wa United Visual Artists wa London, na mwaka 2016 kazi yao ilifunguliwa mjini Paris. Unakaa gizani, sauti za pori zinakuzunguka, na ukutani mistari ya mwanga inachora kila sauti, ya juu na ya chini, hivi kwamba unaona kila mnyama ana ngazi yake na haingilii ya mwenzake. Krause huyo huyo amesimulia kisa cha vyura wa karibu na Mono Lake, California. Walikuwa wakilia kwa pamoja, na umoja huo wa sauti huwakinga, kwa sababu adui hawezi kumtambua mmoja alipo. Ndege ya kijeshi ikapita chini. Umoja ukavunjika, na ilichukua kati ya dakika 30 na 45 kurudi. Katika muda huo bundi mmoja na mbwa mwitu wawili walipata chakula chao. Hivyo ndivyo maumbile yanavyoushirikisha ujio wetu: tunapita, hatugeuki, na nyuma yetu kitu kinaliwa.

Basi kwa kuwa mhakiki naye hudaiwa, niseme kazi ambayo ningependa kuiona. Vifaa vyake si vya kitajiri. Kitambuzi cha mwendo kama kile kinachowasha taa za uani, vipaza sauti vidogo, taa ndogo, na kijana mmoja anayejua kuandika programu. Uwe ukumbi wa giza, Dar es Salaam au Mombasa. Sakafuni vipangwe vipaza sauti vingi, na kila kimoja kiwe na sauti ya chura mmoja aliyerekodiwa katika bonde la mpunga la Cheju, pamoja na taa yake moja inayopepesa kama kimulimuli. Kabla mtu hajaingia, ukumbi uwe umejaa mlio na mwanga, asikie akiwa bado mlangoni. Akitia mguu, walio karibu wazime na kunyamaza. Akisogea, ukimya na giza vimfuate. Akisimama, asipewe kitu kwa dakika tano kamili. Kisha mmoja wa pembeni kabisa ajaribu. Akitikisika, huyo anyamaze, na dakika tano zianze upya. Na mtu mwingine akifungua mlango kwa kishindo, wote waliokuwa wakingoja wapoteze walichokingojea, ili wajue kwamba utulivu ni mali ya shirika.

Najua yatakayotokea. Wengi wataingia, watakuta giza na ukimya, watazunguka kidogo, watatoka wakimwambia bawabu kwamba mtambo umeharibika. Bawabu asibishane nao. Awape viatu vyao, na mlango ukishafungwa, wasikie nyuma yao vyura wakianza.